Akiba Haiozi, Lakini Kiazi Huoza



Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa fedha, kwa ulezi na kwa wema aliotendewa jirani. Lakini mkulima wa Busiu, katika wilaya ya Mbale, anafahamu kwamba iko akiba moja iozayo upesi, nayo ni kiazi. Ulezi ukishakauka na kutiwa ghalani huweza kungoja miaka. Kiazi kitamu kilichochimbwa leo na kuachwa pembeni mwa nyumba, baada ya juma moja au mawili huwa kimesinyaa, kimechipua, au kimeanza kutoa harufu. Kwa hiyo familia inayotegemea viazi haiwezi kutosheka na kulima peke yake. Hapana budi ijue pia kuhifadhi. Asiyejua kuhifadhi huwa amelima kwa ajili ya mwezi mmoja, na miezi inayobaki huishi kwa bahati.

Busiu ni mji mdogo wa biashara ulio kando ya barabara kuu itokayo Tororo kwenda Mbale. Askari wengi wanaijua njia hiyo, kwa kuwa ndiyo iunganishayo kambi ya Rubongo, Tororo, na kambi ya Bugema, Mbale. Upande wa mashariki huonekana Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Juu mlimani kuna baridi, kahawa na viazi mviringo. Chini, katika nchi ya Busiu, joto ni zaidi, na mashamba yamejaa mihogo, mahindi, maharage na viazi vitamu. Mavuno ya viazi yanapokuja, mafungu huonekana kando ya barabara, na bei hushuka kwa sababu kila nyumba inauza kitu kile kile kwa wakati ule ule. Kisha msimu wa ukame hufika. Nyumba iliyouza viazi kwa bei ya chini hulazimika kununua unga wa posho kwa bei ya juu. Hapo ndipo jasho la mkulima linapopotea. Halikupotea shambani. Limepotea kati ya shamba na chungu.

Wako watakaouliza kwa nini jambo la viazi lielezwe kwa watu wa bunduki na kirungu. Jibu ni kwamba ulinzi wa nchi hauanzi mpakani. Nyumba yenye njaa haitulii, na mahali pasipo utulivu ndipo polisi huitwa usiku na jeshi huitwa alfajiri. Zaidi ya hayo, askari naye ana nyumba. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kwa zamu, na wengine wamekaa miezi mingi katika milima na mbuga za nchi yao wenyewe. Wakati wote huo mke na watoto wamebaki na shamba. Mshahara hugawanywa kwa karo, kwa dawa na kwa nauli, na kinacholiwa kila siku kwa sehemu kubwa hutoka ardhini. Askari anayejua kwamba nyumbani kipo chakula cha miezi minne ijayo hulinda lindo lake kwa moyo mmoja. Yule asiyejua watoto wake watakula nini, mwili wake huwa lindoni na fikira zake ziko kijijini.

Njia ya kwanza ambayo watu wengi wa mashariki ya Uganda huitumia ni kukiacha kiazi ardhini. Mama huenda shambani kwa siku mbili tatu, hupasua tuta kwa ncha ya jembe au kwa kijiti, huchukua viazi vilivyokomaa na kuviacha vidogo viendelee kukua. Desturi hii ina hekima, maana inampa mwenye nyumba chakula kibichi kila juma bila gharama ya ghala. Lakini njia hiyo ina mwisho wake, na yafaa mwisho huo ujulikane mapema.

Adui wa kwanza ni fukusi wa viazi vitamu. Mdudu huyu mdogo hawezi kuchimba ardhi ngumu kwa nguvu zake mwenyewe. Hungoja jua lipasue udongo, kisha huingia kwa njia ya nyufa mpaka akakifikia kiazi na kutaga mayai. Watoto wake hutoboa njia ndani ya kiazi, nacho hugeuka kuwa kichungu hata kisiweze kuliwa. Kwa hiyo kadiri ukame unavyoendelea, ndivyo ghala la ardhini linavyogeuka kuwa mtego. Mkulima mwangalifu hurudishia udongo kwenye tuta na kuziba nyufa, hapandi viazi vipya karibu na shamba la zamani, na huchimba mapema badala ya kungoja mpaka mwisho wa kiangazi. Adui wa pili ni mwizi, ambaye habari zake zitafuata. Adui wa tatu ni maji.

Somo la maji lilitolewa kwa uchungu katika mwaka 2007. Mvua za mwaka ule zilinyesha Teso kuanzia miezi ya katikati ya mwaka bila kukoma, na mnamo Septemba serikali ikatangaza hali ya hatari katika sehemu za mashariki na kaskazini. Wilaya za Amuria na Katakwi ziliumia sana. Barabara zilikatika na madaraja yakazama. Kwa kuwa familia nyingi ziliweka chakula chao ardhini, chakula hicho kilioza pale pale kilipokuwa. Mihogo na viazi viligeuka uji ndani ya matuta. Mtu aliyekuwa na shamba zima alijikuta hana hata chakula cha jioni. Nyumba zilizokuwa na chakula kikavu, kilichowekwa mahali pa juu pasipofikiwa na maji, zilikuwa na kitu cha kuanzia. Hivyo yafaa kusema wazi: kiazi kilicho ardhini ni mali, lakini bado si akiba. Huwa akiba pale kinapotolewa, kikachambuliwa na kutengenezwa.

Watu wa Teso hawakungoja mafuriko hayo ndipo wajue. Tangu zamani wana njia mbili za kukausha viazi vitamu, na njia hizo zimeenea kwa majirani zao. Ya kwanza huitwa amukeke. Viazi huchimbwa wakati jua linapoanza kuwa kali baada ya mvua, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya miamba au mahali palipofagiwa vizuri. Ya pili huitwa inginyo. Hapo viazi hupondwapondwa badala ya kukatwa, kisha huanikwa. Amukeke huchemshwa na kuliwa pamoja na karanga zilizosagwa au maharage. Inginyo husagwa pamoja na mtama au muhogo, na unga wake husongwa kuwa atapa, ambayo hutiwa ukwaju ipate ladha.

Hekima hii si ya Uganda peke yake. Upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma huko Tanzania, vipo vyakula viwili vinavyofanana nayo. Viazi vinavyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi huitwa michembe. Vinavyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Nchi ile ina kiangazi kirefu, na michembe imekuwa chakula cha kuvukia kutoka mavuno hadi mavuno. Watu wawili wasiojuana, wa Teso na wa Shinyanga, wamefikia jawabu moja kwa sababu walikabiliwa na swali moja: jua linaloua shamba laweza vipi kutumiwa kuokoa chakula?

Kazi yenyewe si ngumu, lakini inataka nidhamu. Viazi vinavyofaa ni vile vikavu na vyenye unga mwingi, wala si vile vyenye maji. Hapana budi vioshwe, na sehemu zote zilizotobolewa na fukusi zitupwe. Vipande viwe vyembamba na vya unene mmoja, maana kipande kinene hukauka nje na kubaki kibichi ndani, na kibichi hicho ndicho kinachozaa ukungu. Ni bora kuanika juu ya kichanja kuliko chini, kwa kuwa kichanja hupitisha hewa pande zote mbili na huepusha vumbi, kuku na mbuzi. Jioni, au wingu linapotanda, vipande vifunikwe au viingizwe ndani. Jua likiwa kali, siku mbili hadi nne zaweza kutosha. Kipimo ni sikio: kipande kilichokauka sawasawa huvunjika kwa mlio kama kijiti kikavu. Kikipindika bila kuvunjika, kirudishwe juani.

Mwenye nyumba asishangae akiona kwamba kilo 100 za viazi vibichi zimetoa kilo 30 tu, au hata pungufu. Kilichoondoka ni maji. Chakula kimebaki, na sasa kinaweza kubebwa kwa gunia moja mahali palipohitaji matatu. Askari atalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa yeye hujua thamani ya mzigo mwepesi wenye chakula kingi.

Hata hivyo, kukausha ni nusu ya kazi. Wapo vidudu vinavyoshambulia chakula kikavu, ndugu za wale wanaotoboa mahindi ghalani. Baada ya miezi michache huweza kugeuza gunia zima kuwa vumbi. Dawa ya kwanza ni chombo kinachofungwa vizuri, kama mtungi wenye kifuniko au debe safi. Dawa ya pili ni kukagua. Kila baada ya majuma machache vipande vitolewe na kuanikwa tena kwenye jua kali, kisha vipoe kabla ya kurudishwa. Vikirudishwa vikiwa na moto hutoa jasho ndani ya chombo, na jasho hilo huleta ukungu. Vipande vyenye ukungu visiliwe na mtu, wala visitupiwe mifugo, kwa sababu ukungu mwingine huwa na sumu. Ng'ombe aliyelishwa viazi vitamu vilivyooza kwa ukungu aweza kupatwa na ugonjwa wa mapafu na kufa.

Kwa nyumba inayotaka viazi vibichi, iko njia ya shimo. Uganda imeijaribu njia hii mashambani na katika vituo vya utafiti, na viazi vizima vilivyotunzwa vyema vimeweza kukaa miezi 2 au 3. Siri yake huanza siku ya kuchimba. Kiazi kilichokatwa na jembe, kilichochubuka au kilichotobolewa kisiingie shimoni kabisa. Kiliwe kwanza. Hapa methali ya samaki mmoja akioza ni ya kweli tupu. Viazi vizuri visioshwe. Viwekwe kivulini kwa siku 4 hadi 7 mahali penye joto na unyevu, vikifunikwa nyasi, ili ngozi yake ikomae na michubuko midogo ipone. Kiazi ni kitu kilicho hai. Hupona jeraha kama mwili wa mtu, iwapo kitapewa nafasi.

Kisha shimo huchimbwa mahali palipoinuka, pasipotuama maji, chini ya kivuli cha mti au kibanda cha nyasi. Pembeni huchimbwa mfereji mdogo wa kupitishia maji ya mvua. Ndani hutandikwa nyasi kavu chini na ubavuni. Viazi hupangwa kwa mkono, havimwagwi kama mawe. Juu huwekwa nyasi tena, kisha udongo, lakini huachwa tundu la kupumulia, kwa sababu kiazi hupumua na kutoa joto, na pumzi ikikosa njia viazi vyote huoza. Tundu hilo hufunikwa lisiingize mvua wala panya. Kila baada ya majuma kadhaa shimo hufunguliwa na vilivyoanza kuharibika hutolewa. Askari aliyefundishwa kuchimba handaki na kulitunza wakati wa mvua hawezi kushindwa na shimo la viazi. Lililo chini ya uwezo wake ni kuona haya ya kulichimba.

Sasa yafaa kupanda mlimani kidogo. Kapchorwa na sehemu nyingine za juu za Elgon hutoa viazi mviringo, ambavyo wengi huviita viazi ulaya, na magunia yake hushuka hadi Mbale, Busiu, Tororo na Jinja. Tabia ya kiazi hiki ni tofauti na ya kiazi kitamu, na mtu akivitunza kwa namna moja ataharibu kimoja. Kiazi kitamu huumia kwa baridi. Kiazi mviringo hutaka ubaridi, giza na hewa. Ndiyo maana hukaa muda mrefu zaidi mlimani kuliko katika joto la Busiu, ambako huchipua mapema.

Jambo kubwa la kuangalia katika viazi mviringo ni rangi ya kijani. Kiazi kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na pamoja na rangi hiyo huongezeka sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Humpa mlaji kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kwa hiyo gunia la viazi katika nyumba ya kambini lisiwekwe dirishani wala mlangoni. Liwekwe gizani, juu ya mbao au matofali, lisigusane na sakafu yenye unyevu wala dumu la mafuta ya taa. Mfuko wa nailoni usitumike, kwa kuwa hufungia jasho ndani. Gunia lifunguliwe kila juma na kiazi kilichooza kiondolewe kabla hakijaambukiza vingine.

Lakini sheria hiyo ya giza ni kwa viazi vya kula tu. Viazi vya mbegu hutunzwa kinyume chake. Wataalamu wa kilimo huwashauri wakulima wajenge banda lenye rafu, linalopitisha nuru hafifu na hewa nyingi, lisilopigwa na jua moja kwa moja. Humo viazi vya mbegu hupangwa tabaka mbili au tatu, hugeuka kijani na kutoa machipukizi mafupi, manene na yenye nguvu. Viazi hivyo visiliwe kamwe. Mkulima asiyetenga mbegu zake mapema hujikuta amekula shamba la mwakani, au amenunua mbegu zilizobeba ugonjwa wa mnyauko, ambao ukishaingia katika udongo ni mgumu sana kuuondoa.

Historia ya dunia ina mifano miwili inayofaa kuwekwa mbele ya askari. Mfano wa kwanza ni wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako ndiko asili ya viazi mviringo. Wenyeji wa huko waligundua zamani sana kwamba viazi vikiachwa nje usiku wa baridi kali huganda, na mchana vikikanyagwa na kuanikwa hutoa maji yake yote. Chakula hicho, kiitwacho chuño, huweza kukaa kwa miaka. Dola ya Wainka ilijenga maghala kando ya barabara zake kuu na kuyajaza vyakula vikavu, chuño ikiwemo. Majeshi yao yalipopita yalikula kutoka maghala hayo, bila kulazimika kupora kila kijiji njiani.

Mfano wa pili ni wa Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulivamia mashamba ya viazi ya nchi hiyo, ambayo maskini wake walitegemea karibu zao hilo peke yake. Viazi vilioza shambani, na hata vilivyoonekana vizima siku ya kuchimbwa vilioza baadaye mashimoni. Katika miaka iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakaihama nchi. Funzo lake ni kwamba ghala halimwokoi mtu aliyeweka ndani yake kitu kimoja tu, tena kilicho kigonjwa. Teso ililiona jambo la namna hiyo katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoharibu mihogo. Viazi vitamu vilisaidia kuziba pengo lile. Kwa hiyo nyumba yenye busara huweka michembe, ulezi, maharage na muhogo mkavu, kila kimoja mahali pake.

Pamoja na kuhifadhi, iko haja ya kuchagua mbegu bora. Uganda imefanya kazi ya kusifiwa duniani katika jambo hili. Mwaka 2016 mtaalamu Mganda, Dakta Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, kwa kazi iliyohusu viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa na mazao mengine yaliyoongezwa virutubisho. Rangi ile hutoa vitamini A, inayolinda macho na afya ya watoto wadogo. Nyumba inayokausha viazi vya namna hiyo ivianike muda mfupi iwezekanavyo, kivulini penye upepo ikiwezekana, na kuvihifadhi gizani, kwa kuwa mwanga na muda mrefu wa kukaa hupunguza vitamini hiyo.

Sasa limebaki jambo moja, ambalo ndilo lenye uzito zaidi kwa wanaolengwa na mazungumzo haya. Ghala ni ishara ya amani. Mtu hakatikati viazi magunia matano, akavianika siku nne mbele ya nyumba yake na kuviweka kwa miezi sita, iwapo anaamini kwamba watakuja watu kuvichukua. Asiye na amani hula alichonacho leo, kwa sababu kesho si yake. Nchi ya Teso ilipokuwa katika machafuko kati ya mwaka 1987 na 1992, baada ya wizi mkubwa wa ng'ombe uliokuwa umeondoa hata maksai wa kulimia, haikukosa tu jembe la kukokotwa. Ilikosa pia wakati wa kukausha na mahali pa kuweka. Karamoja ya mwaka 1980, ambako maelfu ya watu walikufa kwa njaa, ilionyesha vilevile kwamba ukame ukikutana na bunduki zilizozagaa huua kuliko ukame peke yake.

Kwa hiyo polisi anayepokea mashitaka ya mama aliyeibiwa viazi shambani asiyaone kuwa mashitaka madogo. Wizi wa mazao humfanya mkulima achimbe viazi kabla havijakomaa, auze kwa haraka na asiweke kitu. Kesi moja ya gunia ikifuatwa kwa haki, kijiji kizima hupata moyo wa kuhifadhi. Ikidharauliwa, kijiji kizima hujifunza kula mbegu. Askari wa jeshi naye, akipita katika kijiji chochote, akumbuke kwamba debe la michembe lililo juu ya dari ya nyumba ya nyasi ni kazi ya mikono ya mama kwa juma zima. Anayehitaji chakula anunue na kulipa. Jeshi linaloitwa la wananchi haliwezi kuwa mlaji wa akiba ya wananchi.

Mlima Elgon umetoa ushahidi kwamba siku ya shida haipigi hodi. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalizika kijiji cha Nametsi huko Bududa, na askari waliingia kwenye tope kuchimba pamoja na wananchi. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia Mbale usiku. Novemba 2024 udongo ulishuka tena, Bulambuli. Katika siku kama hizo, waliookoka huhitaji kula jioni ile ile, kabla lori la msaada halijavuka daraja lililovunjika. Chakula kikavu kilichoko katika nyumba za majirani ndicho msaada wa kwanza kufika. Wilaya yenye nyumba nyingi zenye akiba hujisaidia siku tatu za mwanzo, na siku tatu hizo ndizo zinazoamua mengi.

Katika mwaka 2013 ilianzishwa Operesheni ya Kuzalisha Mali, ambayo iliwapeleka maofisa wa jeshi vijijini kugawa mbegu na miche. Mpango wa Maendeleo wa Parokia ulizinduliwa Kibuku, si mbali na Mbale, Februari 2022. Mipango hiyo imesisitiza uzalishaji, na uzalishaji ni jambo jema. Lakini gunia lililozalishwa na kuoza halina tofauti na gunia ambalo halikulimwa, isipokuwa kwamba hili la kwanza limegharimu jasho. Ofisa anayegawa marando ya viazi asitosheke mpaka ameuliza pia: vitakapokomaa, vitawekwa wapi?

Jambo la kutenda ni rahisi na halingoji fedha kutoka mbali. Askari atakayepata likizo yake karibu na mavuno ajenge kichanja cha kuanikia kabla hajaketi na wageni. Achimbe shimo moja la viazi, alizungushie mfereji na kulijengea paa. Awasaidie mama na watoto kumenya na kukata, kwa kuwa kazi hiyo imekuwa ikiangukia mikono ya akina mama peke yao, na mikono miwili haikaushi magunia matano kabla ya mvua. Anayeishi kambini na hana shamba aanze na gunia lake moja: alihamishe gizani, aliinue kutoka sakafuni, alikague kila Jumamosi. Na walio na uwezo wa kufundisha wenzao, kama vile maofisa wa ustawi na wake wa askari katika vikundi vyao, waonyeshe kwa vitendo.

Wazee wa Busiu hawahitaji kuambiwa kwamba kiazi huoza. Wameona kwa macho yao. Linalotakiwa ni kwamba nguvu za vijana wenye sare ziungane na hekima hiyo ya zamani, ili methali ya wahenga irudi kuwa ya kweli hata kwa kiazi. Akiba haiozi pale inapotengenezwa kwa mikono yenye bidii na kulindwa na watu waaminifu. Mikono hiyo ni ya mkulima. Ulinzi huo ni wa askari na polisi, na katika nyumba nyingi za mashariki ya Uganda mkulima na askari ni watu wa familia moja.